TAHADHARI: Mwanamke wa mafuta ya chebe anayepita kwenye vikoba na kamera ya kupima kichwa

Wanawake wenzangu, hasa mlioko Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Pangani: kuna mwanamke anapita kwenye vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, akiuza mafuta ya kukuza nywele anayodai yana chebe, unga wa nywele kutoka Chad. Anajiita mtaalamu wa ngozi ya kichwa. Msimpe hata shilingi. Nimelibeba jambo hili kifuani nikiona haya kulisema, lakini nimesikia ameshaonekana kwingine, na nikinyamaza atamla na mwingine.

Jina lake siandiki kwa sababu halisaidii. Alilotupa sisi silo alilowapa wa Korogwe, na laini za simu anabadilisha. Mtamjua kwa hiyo kamera.

Mnaonifahamu mnajua nywele zilivyonipukutika tangu mtoto azaliwe, sirudii hapa. Mnajua na nilivyokaa harusini na mtandio mpaka watu wakaniuliza. Basi alipoingia kwenye kikao chetu cha Jumamosi, mwenye shida kubwa kuliko wote pale nilikuwa mimi, na naamini aliliona hilo kabla sijafungua mdomo.

Hakuja kama mchuuzi. Aliletwa na mtu tunayemheshimu (naye kadanganywa kama sisi, tafadhali msimwandame). Abaya safi, udi unanukia, shikamoo kwa kila mtu mzima, akawauliza bibi zetu hali za miguu. Akaomba maji, akanywa, akatusikiliza tunahesabu hisa mpaka tukamaliza. Ndipo akafungua mkoba akatoa kifaa chembamba chenye vitaa vidogo mdomoni, akakichomeka kwenye simu kwa waya. Akasema, "Leo siuzi kitu. Nani aje nimpime bure?"

Nikaenda mimi. Nilikaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye magoti yake, tunavyokaa tukisukwa. Akanifungua kilemba polepole, akapasua njia katikati ya utosi kwa mkia wa kitana, mkono mwepesi, hauumizi. Akaweka kile kifaa kichwani, na simu akaigeuza ili wote waone. Jamani. Ngozi yangu ilikuwa imetanda magamba meupe, na kila unywele unapotokea pana kitu cha njano kimegandamana. Mama mmoja nyuma yangu akasema "Yarabi!" Yule mwanamke hakusema kitu. Alinyamaza makusudi, sasa ndiyo najua ilikuwa makusudi, halafu akanishika bega akaniambia kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia: "Mdogo wangu, nani alikuacha mpaka ukafika hapa?"

Machozi yalinitoka. Mbele ya kikundi kizima. Sijui kama mtu ambaye hajapukutika nywele ataelewa neno lile lilinigusa wapi.

Akapitisha kitana, zikatoka nywele kadhaa kama kawaida yangu siku hizo. Akachukua moja, akaiweka juu ya kitambaa cheusi (alikuwa nacho tayari mkobani), akaipiga kamera. Mwishoni mwa unywele kulikuwa na kidonge cheupe. "Mnaona huu mzizi? Umeoza. Kichwa kikifika hapa, miezi sita mbele hakuna nywele tena." Akafanya hivyo hivyo kwa jirani yangu, kidonge kipo. Kwa mweka hazina, kipo. Chumba kizima kikaingia hofu.

Baada ya hapo ndiyo picha. Mwanamke mwenye nywele fupi zilizojikunja juu ya masikio, halafu huyo huyo nywele zimegusa mabega, "wiki tano tu". Kisha akavua mtandio wake mwenyewe. Nywele mpaka katikati ya mgongo, tena si singa, ni za kipilipili kama zetu. Akasema "Shika, usiogope," akauchukua mkono wangu akaupeleka juu ya paji la uso. Nikashika. Zilikuwa nywele za kweli, zimetoka kwenye ngozi.

Sasa msije mkaniambia sikuuliza. Niliuliza. Nilimuuliza mafuta yana nini ndani, akajibu bila kusita: chebe ya Chad, wanayotumia wanawake wa Basara wa huko huko, pamoja na mafuta ya nyonyo, nazi na karafuu ya Pemba. Chebe mimi naijua, nimeisoma sana kipindi chote hiki nilichokuwa nahangaika. Ni kweli wanawake wa Basara wanasifika kwa nywele ndefu, ni kweli ule unga una mbegu za mti wa jamii ya krotoni, una mahlebi (kokwa za aina ya cheri), una karafuu. Alinitajia vyote kabla sijamtajia mimi. Nyonyo na nazi ni vitu ambavyo bibi zetu wametupaka tangu utoto. Mngekuwa nyie mngeshuku nini? Chupa ina lebo iliyochapwa vizuri, imeandikwa imethibitishwa, ina tarehe ya kuisha muda. Na aliyemleta ni mtu wa kwetu. Mimi si mtu wa kununua vitu barabarani, wanaonijua wanajua navyobana hela.

Chupa moja 45,000, tatu 120,000. Alisema tatu ndiyo dozi, chini ya hapo mzizi hauamki, na mwezi wa kwanza nitapata inchi nne. Nikatuma 120,000 pale pale kwa simu. Lilikuja jina la mwanaume, akasema ni mume wake ndiye anayeshika mahesabu. Karibu wote tulinunua, na wawili walikopa mfuko wa jamii. Hela ya msiba na ugonjwa, jamani, imeenda kwenye vichupa.

Nikapaka kila usiku kwenye ngozi ya kichwa kama alivyoelekeza. Kilichoma. Akatuma ujumbe wa sauti: "Ukisikia moto ujue mizizi inaamka." Nikaendelea. Vikaja vipele, nyuma ya masikio pakatoa majimaji, na mto asubuhi umejaa nywele kuliko zamani. Nikamtumia picha. Sauti ile ile ya upole: "Hiyo ni sumu inatoka, mpenzi. Sasa ndiyo hatua ya pili, bila shampuu ya kutoa sumu utaharibu yote uliyolipia." Elfu sitini nyingine. Nilituma, kwa sababu kichwa kilikuwa kinawaka na yeye peke yake ndiye aliyesema anajua kinachonisumbua. Mzigo ukaja na basi, chupa haina lebo, ndani kitu cha kijani kinanukia sabuni ya vyombo. Nikapiga, inaita haipokelewi. Kesho yake picha yake haipo tena, kanifungia.

Mume wangu ndiye aliyenipeleka kliniki ya ngozi. Daktari mmoja kati ya hawa waliosomea ngozi kule hospitali ya KCMC, Moshi. Nilimweleza habari ya mzizi uliooza, akaung'oa unywele wake mwenyewe uliolegea akanionyesha. Kidonge cheupe kipo. Kila unywele uliomaliza muda wake unadondoka na kidonge hicho, wa mtu yeyote, mzima au mgonjwa! Mtu wa kawaida anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku. Aliyejifungua, kwenye mwezi wa tatu hivi zinadondoka nyingi kwa pamoja kwa sababu wakati wa mimba zilikaa bila kudondoka, halafu zinarudi zenyewe, wengi mpaka mtoto anafikisha mwaka zimeshajaa. Na ngozi ya kichwa ya mtu yeyote ukiikuza kwa kamera utaona magamba na mafuta yaliyoganda. Ngozi ndivyo ilivyo. Vidonda vyangu, alisema, vimetokana na kilichokuwa ndani ya chupa. Mafuta ya karafuu yakiwa makali yanaunguza ngozi. Kwa hiyo sikuwa mgonjwa. Nywele zilikuwa njiani kurudi, na huyu mwanamke ndiye aliyeniunguza kichwa huku akinitoza.

Hapo ndipo hasira inaponipanda mpaka natetemeka. Unamkuta mwanamke mwenzako ananyonyesha, hajalala, amejificha kwenye mtandio, unamwambia ameoza! Halafu unahesabu hela yake ukiwa umemshika bega. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na ninataka afungwe. Sitaki faini, faini atailipa kwa hela zetu. Nimefungua RB (namba ya taarifa polisi), na laini aliyopokelea hela imesajiliwa kwa alama za vidole kama laini zetu zote, sasa nauliza inakuwaje mpaka leo mwenye kidole hajapatikana? Namba zake zote tumezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Polisi tunawaomba, tena tunawaomba kwa heshima, lisiitwe suala la wanawake na urembo. Ni wizi, na ni kumjeruhi mtu mwili.

Mdogo wangu ndiye aliyezikuza zile picha za "kabla na baada" akanifumbua macho. Kucha rangi ile ile, imebanduka kidole kile kile. Kalenda ukutani nyuma yake iko kwenye karatasi ile ile. Zimepigwa siku moja! Ya kwanza nywele zimeoshwa zikajikunja, ya pili zimepigwa draya zikanyooka. Nywele zetu zikilowa zinajikunja mpaka zinapoteza zaidi ya nusu ya urefu, kila aliyewahi kuosha afro anajua. Na zile za mgongoni kwake, dada mmoja wa saluni Ngamiani alimhudumia: ni wivingi ya kipilipili, ameacha nywele zake mbele tu zifunike mshono. Ndiyo maana mkono wangu ulipelekwa mbele. Angeniacha nishike kisogoni ningekutana na uzi.

Lebo imeandikwa TFDA. TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, haipo tangu 2019, ilibadilishwa ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi vikahamishiwa TBS, shirika la viwango. Chupa mpya ya mwaka huu yenye TFDA ni ya uongo, hapo hapo irudishe. Jina la anayepokea hela halifanani na la anayeuza, risiti hakuna. Na chebe yenyewe haipakwi kwenye ngozi ya kichwa, wale wa Chad wanaipaka kwenye urefu wa nywele pamoja na mafuta halafu wanasuka, inazuia zisikatike ndiyo zinafika mbali, haiamshi mzizi wowote. Nyonyo halisi ni nzito, inashuka kwa kujivuta, haya yalimiminika. Niliweka kwenye friji usiku kucha hayakuganda hata kidogo, na nazi ikishuka chini ya nyuzi 24 inaganda. Mimi nadhani ni mafuta ya watoto yaliyotiwa harufu. Inchi nne kwa mwezi hazipo kwa binadamu yeyote, unywele unaota kama sentimita moja kwa mwezi, wetu hata pungufu. Mwenye kukuahidi zaidi ya hapo mfukuze.

Nawaomba TBS mzifuate hizi chupa mpaka zinakojazwa. Na arudishe hela ya mfuko wa jamii kwanza kabla ya yangu, maana wale wawili wanadaiwa mpaka sasa na mmoja amegombana na mumewe kwa ajili hiyo.

Mliobaki na chupa zake msizitupe wala msizimwage, hata ikiwa imebaki robo. Andikeni tarehe mliyonunua, hifadhini na ujumbe wa muamala. Waliopata vidonda wapige picha na waende hospitali wapate karatasi, kesi inahitaji karatasi.

Wenzetu wa Pangani wamesema kuna mtu ameomba nafasi kwenye kikao chao "kuja kupima vichwa bure". Akija, asipigwe na mtu, akipigwa ataondoka yeye ndiye mwenye kesi. Mpeni kiti, mpeni maji, mwacheni atoe kamera yake na apime kichwa baada ya kichwa. Mmoja wenu atoke nje ampigie mwenyekiti wa mtaa na polisi, wa pili anipigie mimi au mweka hazina wetu. Gari, Noah, tumeshaliweka tayari, dereva anajua, tunaondoka saa hiyo hiyo na RB mkononi.