Fundi alinicheka mbele ya watu, injini ikafia hewani

Duka silitaji. Tunaorusha ndege ndogo za rimoti hapa Arusha tuko wachache, mtalijua. Ukipeleka injini pale, usitoke pembeni ya fundi hata dakika moja. Tena hapana, usiipeleke kabisa.

Injini yangu ni ya 46, yaani ujazo wa inchi 0.46 za ujazo, niliinunua kwa mtu wa Dar. Kule ilikuwa inapiga safi. Kufika huku ikawa inakohoa, moshi tele, ndege haiinuki. Sababu haina siri: Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mafuta yaleyale yanakutana na hewa pungufu. Sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta, iliyowekwa Dar lazima uifunge kidogo. Kwa hilo fundi hakukosea, haki yake nampa.

Kilichoniuma ni propela. Nilimwomba kwa adabu, "Fundi, niwekee 11x6 badala ya hii 10x6." Namba ya kwanza ni urefu wa propela kwa inchi, ya pili ni mwinamo wake. Hewa ikiwa nyepesi, propela inakosa cha kusukuma, ndiyo maana watu wa nyanda za juu huongeza inchi moja. Akacheka. "Propela ni propela tu, kaka. Kwani wewe rubani?" Wateja wote wakacheka naye. Nimesimama pale, mtu mzima, ndege mkononi.

Akawasha. Akaifunga sindano mpaka mlio ukafika juu kabisa, akaiacha hapohapo. Nikamwambia airudishe nyuma kidogo, kwa sababu ikiwa kileleni ukiwa chini, ukiinua pua mafuta hayapandi vizuri na injini inashinda na kiu. Na mafuta haya ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha, ukiyabana umebana na oili. Jibu lake: "Lipa kwanza, darasa utanifundisha baadaye." Nikalipa. Mpaka leo hela ile inaniuma.

Jumapili nikaenda uwanda wa kuelekea Monduli, mbali na uwanja wa ndege wa Kisongo. Mzunguko wa kwanza, sawa. Wa pili, napandisha, mlio ukawa mwembamba, mkali, halafu kimya. Aliyewahi kurusha anakijua kimya kile. Ikaangukia kwenye mahindi ya mtu, bawa likapasuka. Nilipofungua injini, pistoni imechubuka upande mzima.

Nikairudisha dukani. Hakuishika hata. "Mafuta yako mabaya," akageukia mteja mwingine. Mafuta ya kopo lilelile nililotumia wiki zote!

Nje akanifuata chalii mmoja, msaidizi wake. "Shikamoo mzee. Samahani kwa yale." Akanionyesha kwa vidole: injini ikiwa kasi ya juu, bana mpira wa mafuta kidogo tu, uachie. Mlio ukipanda kabla ya kushuka, uko salama. Ukishuka palepale, umebana mno. Dakika tano, bure, huku anaangalia nyuma asionekane na bosi wake.

Nimebadilisha pistoni pamoja na silinda yake. Nimefunga 11x6, nikaisawazisha kwanza kwa kusugua msasa upande mzito. Sasa mlio ni mzito, mizunguko imepungua, lakini ndege inapanda kama inavutwa na kamba, na nyuma yake kuna mstari mwembamba wa moshi. Nimeirusha mara nyingi tangu hapo, haijazima.

Kwa ajili ya dogo yule ningewapa nyota tatu. Nne hata, angekuwa ndiye anayeshika bisibisi. Lakini nikikumbuka "kwani wewe rubani", na pistoni yangu, nawapa moja, na sitaibadilisha.

Juzi ilibidi nirudi kununua plagi, hapa mjini sijazipata kwingine. Fundi akaniuliza, "Ile ndege inaruka siku hizi?" Nikaweka hela mezani, nikachukua plagi yangu, sikumjibu.