Kitanda cha mtoto cha kando: miezi mitano katika chumba kimoja

Kabla ya kununua kitanda hiki nilikipima chumba chetu kwa futikamba. Kitanda chetu na kabati vikishachukua nafasi zao, upande wangu unabaki ujia wa sentimita 70, na ujia huo ndio tunaopitia kwenda mlangoni. Kitanda cha kawaida cha mtoto, ambacho godoro lake aghalabu huwa na sentimita 60 kwa 120, kingeuziba usiku na mchana. Nilichagua kidogo cha kando, kile ambacho ubavu wake mmoja hushushwa na fremu yake kufungwa kwa mikanda kwenye kitanda cha mama, na mwanetu alikilalia tangu wiki ya kwanza hadi alipotimiza miezi mitano na siku kadhaa.

Niseme mapema kwamba sikukinunua kwa sababu tu sina chumba cha pili. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza, ila juu ya godoro lake mwenyewe, gumu na bapa, akiwa chali, bila mito wala blanketi zilizolegea. Tunaoishi katika nyumba ndogo mara nyingi tunaona haya kwa jambo ambalo madaktari wanalisihi, na natamani kila mzazi aliye katika hali yetu alifahamu hilo.

Fadhila kubwa ya kitanda hiki huonekana saa nane za usiku. Nilijifungua kwa upasuaji, na katika majuma yale ya mwanzo kuinuka kitandani kulikuwa kazi ya kujishika tumbo na kuhesabu pumzi. Hapa nilinyoosha mkono tu, nikamvuta mtoto kwangu, nikamnyonyesha, kisha nikamrudisha mahali pake kabla usingizi haujanizidi nguvu. Kule kumrudisha ndiko hasa ninakokisifia kitanda hiki, kwa kuwa mama aliyechoka hulala na mtoto kifuani bila kukusudia, na kadiri safari ya kumrudisha inavyokuwa fupi ndivyo anavyoweza kuifanya kila mara.

Hata hivyo, ukaribu huo una masharti, na mtengenezaji hakuyaeleza kwa uzito unaostahili. Miguu ya kitanda hupandishwa kwa hatua, na hakuna hatua hata moja iliyolingana na godoro letu: moja iliacha ukingo wa mtoto chini kwa vidole viwili, na iliyofuata ikaupandisha juu kupita kiasi. Tulibaki na ile ya chini. Mikanda nayo hulegea taratibu kwa kadiri watu wazima wanavyojigeuza usiku, na asubuhi moja nilikuta mwanya ambao kiganja changu kilipenya bila kugusa upande wowote. Niliogopa sana. Tangu siku hiyo tuliikaza mikanda kila jioni kabla ya kuzima taa, na nikiisha kunyonyesha niliupandisha ubavu na kuufunga zipu. Usijaribu kuziba mwanya huo kwa shuka iliyokunjwa au mto, maana uso wa mtoto unaweza kuzama humo.

Zipu yenyewe inanisikitisha. Ni ya meno makubwa ya plastiki, na katika chumba kimoja mlio wake husikika kama gunia linalopasuliwa. Mara ngapi nimemlaza mtoto kwa uangalifu wote, nikaanza kuivuta jino kwa jino, naye akafumbua macho! Nilijifunza kuifunga nusu ya kwanza kabla ya kumlaza.

Jambo ninalolipinga waziwazi ni ile nafasi ya kuinua upande wa kichwani, ambayo kwenye boksi inasifiwa kuwa dawa kwa watoto wanaocheua. Mwanetu alicheua sana, nami nilishawishika. Lakini mtoto aliyelazwa kwenye mteremko huweza kuporomoka hadi kidevu kikagusa kifua na njia ya hewa ikabanwa, na anayecheua anapaswa kulala chali na bapa kama wengine. Marekani ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vyenye mteremko unaozidi nyuzi 10. Mimi niliiweka miguu yote sawa na sikuigusa tena.

Kuhusu nafasi, ahadi imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Magurudumu yana breki imara, na mchana tulikisukuma hadi miguuni pa kitanda chetu, ujia ukawa huru. Rafu ya chini ilibeba nepi, vitambaa na beseni dogo, vitu ambavyo vingetapakaa sakafuni. Kitambaa cha ndani huvuliwa na kufuliwa, ingawa kukirudisha kunahitaji mikono minne.

Muda wake ni mfupi, na anayehesabu fedha zake alijue hilo kabla. Mwongozo wa mtengenezaji unaagiza kitanda kiachwe mara mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, hata kama bado anaenea. Wetu alianza mapema kuliko tulivyotarajia, alasiri moja, na usiku uleule hakukilalia. Wenye kitanda kilicho chini sana, au wanaolaza godoro sakafuni, wasikinunue kabisa, kwa sababu hakitafungika.

Sasa kimekunjwa ndani ya mfuko wake nyuma ya kabati, unene wake hauzidi sanduku la nguo. Kitakwenda kwa jirani anayetarajia kujifungua mwezi ujao. Nimehakikisha skrubu zote zipo, nimeuweka mwongozo ndani ya mfuko, na nimemwomba aje kwanza anionyeshe kitanda chake kina kimo gani kutoka sakafuni.