Genge la matunda Pasua: tikiti la paka linakatwa inavyotakiwa

Magenge ya matunda hapa Moshi ni mengi na mengi nimenunua, lakini hili la mtaani kwetu Pasua ndipo pekee ninapoweza kuondoka na kipande nikampa paka bila kufika nyumbani kukikata upya. Kwa anayefuga paka hilo si jambo dogo.

Mimi ni fundi cherehani. Paka wangu, Chausiku na Kipara, wanashinda nami kibandani kulinda vitenge vya wateja visitafunwe na panya. Chakula chao ni dagaa wa kuchemsha wasiotiwa chumvi, maini na utumbo wa kuku, na ugali kidogo wa kushikanishia. Tunda halihesabiki kuwa chakula chao, na nasisitiza hapa kwa sababu naona watu wanaompa paka papai na ugali mtupu wakidhani wamemlisha. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Taurini, kirutubisho ambacho macho na moyo wake vinakitegemea, inatoka kwenye nyama na samaki. Vitamini C mwili wake unajitengenezea. Karotini ya embe na papai, ambayo sisi tunaigeuza kuwa vitamini A, yeye hawezi kuigeuza ikamtosha. Hata utamu hausikii: mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni ya Tas1r2, inayohusika na kipokezi cha utamu ulimini, haifanyi kazi kwa paka. Kwa hiyo Chausiku anapolilia tikiti mchana wa jua kali, naamini anafuata maji na ubaridi wake.

Sasa genge lenyewe. Kilichonifanya niwe mteja wa kudumu ni kisu. Kwingine kisu ni kimoja: kimetoka kukata kitunguu cha kachumbari, kikapasua ndimu, kikachanja embe la chumvi na pilipili, halafu hichohicho kinaingia kwenye tikiti. Kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi, kimepikwa au cha unga, na kitunguu saumu ni vilevile. Ndimu, limau na machungwa yana mafuta kwenye maganda yanayoweza kumtapisha na kumharisha. Mama mwenye genge hili ana kisu cha matunda matamu peke yake, na ana ndoo ya bomba pembeni ya kukioshea.

Nikifika nasema, “Shikamoo mama, naomba kipande cha paka.” Anaitika marahaba, anaosha kisu, anakata katikati ya tikiti pale penye wekundu mtupu, anachokoa mbegu zote kwa ncha. Mwanzoni aliniuliza, “Dada fundi, na hii nyama nyeupe ya ganda nayo niitoe?” Nikamwambia itoe mama, ni ngumu, inaweza kumkwama paka tumboni. Tangu hapo sijamkumbusha tena. Muuzaji anayekumbuka sharti la mnyama wa mteja wake anastahili kusifiwa hadharani.

Papai lake pia ni zuri, limeiva vizuri, na mbegu anazikwangua zote. Embe analimenya na kokwa linabaki kwake. Ndizi za kisukari ninazinunua kwa ajili yangu. Kipara anapata kipande chembamba tu maana zina sukari nyingi, na paka mwenye kisukari au mnene kupita kiasi asipewe kabisa. Kiasi ninachowapa ni vipande viwili vitatu vya ukubwa wa kifungo cha koti, tena si kila siku. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku, na vitafunio vyake vyote kwa pamoja visizidi asilimia 10 ya hizo.

Yapo nisiyoyapenda. Mchanganyiko wake wa matunda kwenye vikopo, ambao wateja wengi wanaufuata, haufai kabisa kwa paka: ndani mna machungwa, parachichi, na msimu wa zabibu za Dodoma ukifika mna zabibu. Zabibu, mbichi au kavu, zimehusishwa na kuharibika kwa figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Paka akizila mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usisubiri aanze kutapika. Parachichi lina mafuta mengi ya kumvuruga tumbo, na majani, ganda na kokwa lake vina persini, sumu ya asili ya mparachichi. Mama ana mkono mpana na hupenda kuongeza kijiko cha mchanganyiko juu ya tikiti kama nyongeza. Kataa kwa upole, au omba nyongeza iwe tikiti. Plamsi na pichi za Lushoto zikiletwa, kula wewe, na kokwa zitupe mbali, kwa sababu zina kitu kinachogeuka sianidi zikitafunwa. Mbegu za tufaha ni hivyohivyo.

Tatizo la pili ni kivuli. Mwavuli wake haufuniki meza yote, kwa hiyo vipande vilivyokatwa asubuhi vikifika saa nane vimepata joto na nzi. Mimi nahimiza akate mbele yangu, na hajawahi kununa.

Soko la Mbuyuni utapata tikiti zima kwa bei nafuu zaidi, na kama una friji nyumbani nenda huko. Mimi sina friji kibandani, na paka wawili hawamalizi hata robo, ndiyo maana kipande cha shilingi 500 kinanifaa: paka wanapata vyao, kinachobaki nakula mimi. Njoo na bakuli lenye mfuniko. Genge linafunguliwa asubuhi mapema hadi jioni, ila Jumapili ni baada ya ibada, na tikiti lililokwisha kupasuliwa siku hiyo mara nyingi ni la Jumamosi. Hilo silinunui. Mwombe apasue jipya.