MedlinePlus kwa wazee: tovuti nzuri, Kiswahili chake haba

MedlinePlus ni tovuti ya afya ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoanza mwaka 1998. Haina matangazo ya biashara, na kwa mzee hiyo ni nusu ya kazi: hakuna kinachomvuta abonyeze tangazo la dawa ya miujiza.

Mfundishe kuandika medlineplus.gov moja kwa moja kwenye sehemu ya anwani. Akipitia Google, matokeo ya juu yanaweza kuwa matangazo ya kulipiwa, na hapo ndipo wengi hupotea. Atafute jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, si sentensi nzima. Kurasa za dawa ndizo bora: zinaeleza namna ya kumeza, cha kufanya ukisahau dozi, na madhara yanayotaka daktari haraka. Tarehe ya mapitio iko chini kabisa, muoneshe.

Kasoro ni lugha. Kurasa kuu ni za Kiingereza na Kihispania. Vipeperushi vya Kiswahili vipo kwenye sehemu ya lugha mbalimbali, ila mada ni chache na vingi ni PDF. Kwenye simu, ukikuza herufi za PDF mstari unatoka nje ya kioo, mzee anabaki kusukuma kushoto na kulia hadi achoke. Afadhali kuvichapa kwenye karatasi. Kurasa za kawaida hazisumbui: kwenye Chrome ya kompyuta, Ctrl na + mara tatu hufikisha ukubwa wa asilimia 150.