Safari ya Bigo bya Mugenyi: kule si "mashimo tu"

Nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva. Kampuni iliyotuuzia safari ya kwenda kuona mahandaki ya kale ya Bigo siitaji, ila mwongozaji wao akisoma hapa atajijua. Kwenye kundi letu alikuwepo mama mtu mzima, akamuuliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, lile handaki la nje tutafika saa ngapi?" Akajibiwa: "Mama, kule ni mashimo tu. Twendeni, gari linasubiri." Na mgongo akampa.

Mashimo tu! Bigo iko wilaya ya Sembabule, Uganda, ng'ambo ya kusini ya mto Katonga. Mahandaki yake ukiyaunganisha yanazidi kilomita 10. Yamechimbwa kwa nguvu za mikono, mahali pengine yanashuka kama mita 4, na kuna vipande vilivyokatwa hadi ndani ya mwamba. Mwanaakiolojia Peter Shinnie alifukua pale mwaka 1957, mwenzake Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960, na kwa kawaida kazi ile inawekwa karne ya 14 na ya 15. Karne hiyo hiyo ya 14 Kilwa walikuwa na Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe, na sijasikia mwongozaji hata mmoja akiwaambia wageni kuwa yale ni mawe tu. Jengo la mawe linaheshimiwa, la udongo linadharauliwa. Hilo linaniuma kuliko hela niliyolipa.

Wanachouza hawa ni kilima cha kati: unapanda, unapiga picha, unaambiwa maneno mawili matatu ya Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya huko, unashuka. Kilima kina mahandaki ya ndani na vichuguu vya udongo vilivyojengwa na watu, na ni vya kuona, sikatai. Lakini akili ya kazi yote iko nje. Handaki la nje limezunguka malisho mapana, na upande wa kaskazini mto na kinamasi chake cha mafunjo vinafunga njia. Ng'ombe aliye ndani ana nyasi na maji. Tena lina milango, yaani mapengo ya kupitia, mingi mno, ndiyo maana wengi wana shaka kama lilikuwa ngome ya vita peke yake, na mifupa iliyofukuliwa kwa wingi ni ya ng'ombe. Mpaka leo ng'ombe wanalishwa humo. Ukiishia kilimani, hayo yote hutayajua.

Kulisoma handaki kuna namna yake, na mwongozaji anayelipwa alipaswa kuijua. Nenda kiangazi, Juni hadi Agosti au Januari na Februari, nyasi zikiwa fupi. Nenda jua likiwa chini, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa sababu kivuli ndicho kinachoonyesha mstari. Saa sita mchana, saa waliyotupeleka wao, kila kitu kinalala bapa. Mstari ukikupotea, tazama mimea: chini ya handaki udongo ni mzito na unashika unyevu, vichaka vinakolea kijani, wakati juu ya tuta, ule udongo uliotolewa handakini, nyasi ni haba na hukauka mapema. Fuata huo ukanda wa kijani utafika.

Ukitaka kupima kina, njoo na fimbo ndefu yenye alama za mita, kamba na pimamaji ndogo ya fundi. Mmoja ashuke na fimbo, wengine wawili wavute kamba sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, halafu msome kwenye fimbo urefu kutoka sakafu hadi kamba. Kipimo hicho kitakuwa pungufu. Sakafu unayokanyaga ni tope lililojaa taratibu kwa karne nyingi, sakafu ya wachimbaji iko chini zaidi. Usichokonoe kuitafuta. Na ukikuta sadaka za wanaokuja kuomba pale, zipite.

Sasa jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Alipoona tunachelewa, mwongozaji akatukatisha moja kwa moja juu ya tuta, mvua ikiwa imetoka kunyesha, na mlango ulikuwa unaonekana pale karibu! Hivi ndivyo tuta linavyokufa. Viatu vinang'oa nyasi kwenye udongo uliolowa, panabaki kijia chenye upana wa mguu. Ng'ombe nao hupenda njia iliyokwisha kuanzwa, wanakifuata. Mvua inayofuata maji yanaingia humo badala ya kusambaa, yanachimba mfereji, kingo zinamegeka, na udongo wa tuta unarudi handakini ulikotolewa. Umbo likishapotea halirudi, maana umbo ndilo kitu chenyewe. Bigo imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2007, na mtu wa kazi anaipanda kama tuta la viazi.

Nilitaka kumalizia kwa kusema msiende. Ila kila nikiliandika hili handaki nazidi kuona kwamba kutokwenda ni kuwaachia hao hao waendelee kusema ni mashimo. Kwa hiyo nendeni. Mahali penyewe ni nyota tano, sibishani na mtu. Huduma ibaki na moja yake. Pita Masaka, Sembabule, Ntusi, kwa gari la kuvuta magurudumu yote, maana barabara ya udongo ikilowa inateleza vibaya. Suruali ndefu, miguu ya suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, maji lita 2 kila mtu. Muulize mchungaji milango iko wapi, yeye anaipitisha mifugo kila siku.

Ukilazimika kwenda na kampuni, waandikiane nawe kabla hujatoa hela: muda wa saa mbili nzima kwenye handaki la nje, kuvuka ni kwa milango peke yake, na mzee akiuliza anajibiwa. Wakisitasita, usilipe.