Kroshia ya kutia kwenye kidau: tazama shingo kabla ya nambari

Mwezi uliopita niliharibu vidau vitano vya kufumia kimia. Vitano vizima, vya mti wa mwarubaini, vilivyochongwa na fundi wa Changamwe aliyevipiga msasa siku nne mpaka vikawa laini kama kokwa ya ukwaju. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa kroshia, zile sindano zenye kulabu, nilizompelekea nikamwambia, "Fundi, nitilie hizi kwenye ncha." Akazikata, akazitia, akazigandisha kwa gundi. Usiku huo nikaketi kuanza kimia cha pembeni mwa mtandio wa bibi harusi. Kila nilipofika mahali pa kuunga pete na pete, kitanzi kilitanuka kikalegea. Cha tatu kikakatika.

Kwa ambaye hajawahi kukishika, kidau ni kijiti kama dau dogo, urefu wake kama kidole. Tumboni kinaviringishwa uzi, na ncha zake mbili hubanana ili uzi usimwagike. Wajerumani nao wameliona dau hilohilo, wakakiita jina lenye maana ya merikebu ndogo. Kwa kidau unafunga mafundo juu ya uzi uliouzungusha vidoleni. Mafundo yakivutwa yanakuwa pete au tao, na katikati yake unaacha vitanzi vidogo. Pete haisimami peke yake. Huungwa na jirani yake kwa kuuvuta uzi kupitia kitanzini, na hapo ndipo kulabu inapotakikana. Vidau vya plastiki vya kiwandani huja na ncha yao au kulabu yao. Sisi tunaochongewa vya mti, pembe au kifuu cha nazi, hununua kroshia nyembamba ya chuma, tukaikata na kuipandikiza.

Kwa hivyo sitakuchosha na habari za rangi ya mpini, wala kama mpini ni laini mkononi. Mpini unatupwa. Unachonunua ni sentimita moja au mbili za chuma, na katika hizo kuna sehemu moja ambayo sijamsikia muuzaji hata mmoja akiitaja: shingo.

Chukua kroshia yoyote uliyonayo nyumbani, uisimamishe penye mwanga wa dirisha. Mbele kuna kichwa chenye mdomo unaonasa uzi. Nyuma ya kichwa kuna chuma chembamba, ndiyo shingo. Halafu chuma kinaanza kunenepa kuelekea mpini. Swali la kujiuliza ni moja: kinanenepea wapi? Zile zangu zilikuwa na kichwa kizuri kabisa, milimita 0.75, nilikipima mwenyewe. Lakini milimita tatu nyuma ya kichwa chuma kilikuwa kimeshakuwa kinene mara mbili yake. Sasa fikiria kazi inavyokwenda. Unapitisha kichwa kitanzini, unasukuma mpaka mdomo utokee upande wa pili, unanasa uzi, unauvuta. Kusukuma huko kunahitaji milimita nne hivi. Kitanzi kinafika kwenye unene kabla mdomo haujaugusa uzi, kinapanuliwa kama shingo ya fulana anayovalishwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, na hakirudi tena. Ukitazama kimia kilichokwisha utaona kila penye kiungo pana tundu, na macho ya mama wa bibi harusi huenda hapo hapo.

Huo ni upande wa uzi. Upande wa mti ni mbaya zaidi. Ncha ya kidau kizuri haizidi unene wa milimita tatu. Shingo ikiwa fupi, fundi hana budi kuzika ule unene ndani ya ncha, basi atoboe tundu kubwa, na kuta za mti zinazobaki ni kama ganda la kitunguu. Vidau vyangu viwili vilipasuka kwenye tundu wiki hiyohiyo. Kwa hiyo kipimo changu sasa ni hiki: shingo iende nyembamba milimita 9 au 10 tangu kichwani, nne au tano za kutoka nje, nyingine za kuzama mtini. Chini ya hapo sinunui, hata ikiwa bure.

Nambari nazo zina fitina yake. Mwenzangu mmoja wa Kisauni alinilalamikia kwamba aliambiwa atumie kroshia nambari 10, akanunua nambari 10, na haikuingia kitanzini hata kwa dua. Aliyemwambia alikuwa akihesabu kwa nambari za Kijapani, ambako 10 ni milimita 0.75. Aliyemuuzia alimpa ya hesabu ya Kimarekani, ambako 10 ni kama 1.3. Nambari 14 vilevile: kwa Mjapani ni 0.50, kwa Mmarekani ni 0.75. Kwa wote wawili nambari ikipanda chuma kinapungua, ila ngazi si moja. Muuzaji akikwambia "mama, kumi ni kumi tu", mwambie akuonyeshe milimita, maana zimeandikwa kwenye kifurushi au zimechapwa kwenye mpini. Zisipokuwepo mahali popote, rudisha.

Kwa uzi nambari 10, ambao ni mnene, kroshia ya milimita 1.00 hadi 1.25 inatosha. Kwa uzi wa 20, chukua 0.75 mpaka 1.00. Uzi wa 40 unapenda 0.60. Uzi wa 80, ule wa kimia cha kuonyesha kwamba unajua kazi, unataka 0.50 au chini yake. Mwenye pesa ya kroshia moja tu anunue 0.75, itamvusha kwa uzi wa 20 na wa 40. Asidanganyike kununua kubwa eti ndiyo inayonasa vizuri. Kila fundo kamili ni nusu mbili, na kila nusu kidau kinapita chini ya uzi na kurudi juu yake, au juu kisha chini. Pete ya mafundo 20 ni nusu 40, na kichwa kipana kitaukwaruza uzi wako katika hizo zote mpaka uanze kutoa manyoya.

Sasa zipi? Mimi ni mtu wa kroshia za Tulip na sifichi. Hutoka Hiroshima, Japani, mji ambao umekuwa ukitengeneza sindano kwa zaidi ya miaka 300, na ukiishika kroshia yao ya chuma utaamini. Nilizowahi kukata zote zilikuwa na shingo ndefu iliyonyooka, mdomo usio na makombo, na koo la mviringo ambalo uzi unalalia bila kupasuka katikati. Wana 0.50, 0.60, 0.75, 0.90, 1.00 na kuendelea juu, kwa hiyo hakuna uzi utakaokosa mwenzake. Zile zenye mpini wa mpira ni ghali, na inauma kuukata mpini mzuri namna ile. Nimeukata mara nne na sijajuta hata mara moja.

Ya pili kwangu si ya dukani. Ni ile iliyo ndani ya kopo la biskuti la nyanya yako. Wazee wetu wa Mji wa Kale walifuma vitambaa vya viti na foronya kwa kroshia za Kiingereza, nyingi zikiwa Milward, zilizotengenezwa Redditch, na chuma chake hakina mchezo. Nyanya yangu alinipa mbili zilizofungwa kwenye kipande cha leso. Zina madoa ya uzee, lakini shingo zake ni ndefu kama za korongo. Waulize wazee, kwa adabu na kwa zawadi mkononi. Wengi macho yameshachoka na kazi hii, na hufurahi kuona kroshia zao zikirudi kazini. Lakini mwambie mapema kwamba utaikata. Mimi sikusema, na nyanya alinuna wiki nzima.

Ya tatu ni Clover, Wajapani pia. Ukizikosa Tulip, chukua hizi bila hofu. Nimezitumia kidogo tu, ndiyo sababu ya kuziweka hapa.

Zile seti za bei ya chini zinazokuja kumi au kumi na mbili ndani ya mfuko wa plastiki, hazina jina: ndizo zilizonila vidau vyangu. Kwa kufuma kitambaa cha meza zitakufaa. Kwa kidau, pita.

Na hapa niseme lililo moyoni. Kilichonikera si bei ya chini. Kilichonikera ni kwamba niliuliza. Nilisimama kwenye duka moja mjini, jua la saa saba, nikasema nataka kroshia ya shingo ndefu ya kutia kwenye kidau. Kijana akanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Zote ni sawa, na hizi ni za Japani." Kifurushi hakikuwa na neno moja la Kijapani. Nikaomba anifungulie nitazame, akasema kikifunguliwa nimeshanunua. Kitambaa cha kanga tunakikunjua, tunautazama mji wake na pindo lake, tunasoma jina lake, ndipo tunatoa pesa. Kwa nini kichuma cha shilingi 120 nikinunue kama bahati nasibu? Na wale wenye Tulip za kweli nao, bei zao zinakuja na usafiri uliozidi bidhaa. Niliitiwa kroshia moja shilingi 700, nauli yake 1,100. Zangu huniletea binti wa dada yangu anayefanya kazi Dubai, kila akija likizo, ndani ya viatu ili zisipinde. Si kila mtu ana binti wa dada Dubai, najua, ndiyo maana nasema waungane watu watano au sita waagize pamoja, nauli igawanyike.

Ukifika dukani nenda na vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha uzi wako, ukifunge kitanzi kidogo cha kubana. Pitisha kroshia, isukume hadi milimita tano. Kitanzi kikiteleza bila kutanuka, shingo ni nzuri. Cha pili ni ukucha wako. Uburute taratibu kwenye mdomo wa kroshia, nje na ndani. Ukikwama hata kidogo pana chembe ya chuma, na chembe hiyo itaupasua uzi.

Kukata, mwachie fundi, ila mwambie aichore kwa tupa pande zote kwanza ndipo aivunje kwa koleo mbili, na avae miwani, kwa sababu chuma hiki kigumu huruka. Mwenye kroshia inayokaa Mombasa ajue pia kwamba hewa ya bahari haina huruma: doa moja la kutu likikaa kwenye kimia cheupe, kulitoa ni kazi. Ifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, usiipake mafuta maana uzi utayanywa, na kihifadhi kidau ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na punje za mchele mkavu.

Vidau vyangu vitatu vimeokoka. Fundi alizipasha zile kroshia moto kwa chuma cha kulehemu, gundi ikalainika, akazing'oa kwa koleo kama anayeng'oa jino. Tundu zilizobaki akazijaza kwa vumbi la mti na gundi, akatoboa upya, nyembamba safari hii, na kutia Tulip za 0.60. Viwili vilivyopasuka amebaki navyo yeye. Kabla sijaondoka akaniambia, "Mama, siku nyingine niletee kroshia kwanza niitazame shingo, ndipo nichonge." Mtandio umebaki shubiri mbili, na harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo.