Mashine ya kukatia vigae kwa maji: ipi ununue kama unakarabati nyumba mwenyewe

Kabla hujaanza kulinganisha mashine na mashine, nenda kwanza kashike kigae chenyewe unachotaka kukata. Kipime urefu, kipime kona kwa kona, kigeuze uangalie mgongo wake. Watu wengi wanaanza kwa kuuliza wati ngapi, diski inchi ngapi, ina leza au haina, afu wakifika nyumbani wanakuta kigae cha sentimita 60 hakipiti kwenye mashine waliyobeba, na hapo hata iwe na mota ya nguvu kiasi gani haikusaidii kitu maana shida sio nguvu, shida ni nafasi.

Hesabu yake nyepesi tu. Kigae cha mraba, zidisha upande wake mara 1.41 unapata kona kwa kona: cha sm 30 kinataka sm 42 na ushee, cha 45 kinataka karibu 64, cha 60 kinataka karibu 85. Kama hupangi vigae kimshazari basi hiyo ya kona kwa kona isikunyime usingizi, we angalia upande mrefu peke yake.

Na ule mgongo: dondoshea tone la maji pale pasipo na rangi. Likinywewa fasta hiyo ni seramiki ya kawaida, inakatika bila maringo. Likibaki limekaa juu pale linakuangalia tu, hiyo ni poseleni, ambayo kwa viwango hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, ni ngumu kweli kweli, na ndio inayomaliza diski za hovyo na kumegeka megeka pembeni. Ukishajua hayo mawili, saizi na aina, nusu ya mashine dukani zimeshajiondoa zenyewe.

Jingine la kujua mapema. Kata za kunyooka kutoka ukingo mpaka ukingo hazihitaji umeme kabisa. Kuna kile kikatio cha mkono, unachora mstari na kigurudumu kidogo afu unabonyeza mpini, kigae kinaachana vipande viwili, hakuna vumbi, hakuna maji, hakuna kelele, na kwa kazi ya chumba kizima kinakimbia kuliko mashine. Kwahiyo mashine ya maji unainunulia zile kata ngumu: kata ya L kwenye kona ya mlango, kipande chembamba cha sm 2 ambacho kikatio cha mkono kitakuvunjia hovyo, nafasi ya kupitisha bomba, ukingo wa nyuzi 45 pale vigae viwili vinapokutana kwenye kona ya nje, mawe ya asili, vioo. Ukiipima mashine kwa kata za kunyooka utadanganyika, maana zote zinanyoosha zikiwa mpya.

Haya, sasa mpangilio wangu, kwa mtu anayefanya bafu, jiko, labda na sebule, sio fundi anayeishi kwa hiyo kazi.

Namba 1: mota juu, trei inayoteleza

Hii diski inaning'inia juu, kigae unakilaza kwenye trei afu unaisukuma trei yenyewe kuelekea kwenye diski. Diski zake ni kati ya inchi 7 hadi 10, na naiweka juu kwa sababu moja kubwa, kigae hakiburuzwi. Kimelala, kimeegemea ukingo wa nyuma, mkono wako unasukuma trei tu, kwahiyo mstari unatoka ulionyooka hata kama huna uzoefu. Maji yanaletwa na pampu ndogo inayokaa ndani ya beseni la chini, yanamwagika pande zote mbili za diski, na unaona kabisa unachokata maana mstari uko juu mbele ya macho yako.

Ya inchi 10 inayojulikana sana ni DeWalt D24000, mota yake ya nguvu farasi 1.5, inachana kigae mpaka inchi 24, yaani sm 61 hivi, na kimshazari inachukua cha inchi 18. Nimeitaja sio kwamba lazima uinunue hiyo, ni kwamba inakupa picha ya namba za mashine ya kueleweka, halafu zingine ukizikuta unazilinganisha na hapo. Ukiona nyingine inasema inchi 10 ila urefu wa kukata ni sm 40 jua diski ni kubwa lakini reli ni fupi, umenunua kina usichokihitaji. Kina cha kukata kwa vigae vya kawaida vyenye milimita 8 mpaka 12 hata diski ya inchi 7 inatosha na kubaki.

Kasoro yake ni kwenye kata ya L. Diski ni duara, kwahiyo ikitokea juu inakata uso wa kigae mbele zaidi kuliko mgongo. Ukisubiri mgongo ufike kwenye alama, uso utakuwa umeshapitiliza na lile kovu litaonekana milele pale kwenye kona. Dawa yake simama uso ukifika tu kwenye alama, geuza kigae kichwa chini umalizie kwa nyuma, au kile kijinyama kilichobaki ukimalizie na grenda. Nyingine ni uzito, hizi ni kilo 20 na kitu mpaka 30 na kitu bila stendi, mtu mmoja kupandisha ngazi nayo ni shughuli.

Namba 2: ya mezani ndogo, diski inatokea chini

Inchi 7, mota ya wati kama 450 mpaka 600, kilo kumi hivi, unaibeba kwa mkono mmoja. Diski inachungulia katikati ya meza, sehemu yake ya chini imezama kwenye maji na inajichotea yenyewe ikizunguka, hakuna pampu ya kuharibika. Kigae unakisukuma wewe kwa mikono miwili kikiwa kimeegemea ukingo wa pembeni.

Wengi wanaidharau hii na mi naona wanaionea. Kwa bafu moja, ukuta wa jikoni juu ya sinki, skatingi, vigae vya mpaka sm 30 au 40, inafanya kazi yote vizuri. Na ile kata ya L niliyosema hapo juu, hii ndio inaiweza zaidi, maana diski ikitokea chini inakata mgongo mbele kuliko uso, kwahiyo kovu la kupitiliza linabaki nyuma kwenye gundi ambako hakuna atakayeliona, we simamia alama yako kwenye uso afu kile kilichobaki kinadondoka kwa kusukuma kidogo.

Ubaya wake? Inakulowesha. Yaani tumbo lote, kifua, wakati mwingine miwani, vaa eproni ya plastiki na usiifanyie kazi ndani ya chumba kilichoshapakwa rangi. Ukingo wake pia wa pembeni kwa mashine nyingi ni wa hovyo, ukiukaza upande mmoja ule mwingine unahama milimita 2, kwahiyo kila ukiusogeza upime umbali wa mbele na wa nyuma ya diski na rula, usiamini zile namba zilizochorwa mezani. Na kigae cha sm 60 juu ya meza ya sm 35 kinaning'inia pande zote, lazima upange mbao za kimo hichohicho pembeni kukishikilia, vinginevyo kikifika mwisho kinajivunja kwa uzito wake.

Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja na nusu, chukua hii pamoja na kikatio kizuri cha mkono. Kwa vigae vya kawaida hiyo jozi inaishinda mashine ya namba 1 iliyo ya hovyo.

Namba 3: ya reli, kigae kimetulia diski ndio inatembea

Hapa mota nzima inatembea juu ya reli na kigae hakiguswi. Kwa vigae vya 60 kwa 120 au mawe mazito hakuna nyingine ya kushindana nayo, na ukingo wa nyuzi 45 inautoa msafi kwa urefu wote, unalaza kichwa cha mota na reli yake tu kigae kinabaki kilivyo. Kampuni ya Rubi ya Uhispania, ambayo iko kwenye vikatio vya vigae tangu 1951, ni moja ya majina utakayokutana nayo sana kwenye kundi hili.

Sasa mbona namba 3? Kwasababu ni ndefu, nzito, inataka watu wawili, inataka sehemu ya kukaa, na ukimaliza bafu lako itakaa stoo ikikutazama. Kama una sebule moja ya vigae vikubwa, kodi kwa siku chache, kata zote zile ngumu ziandae kwa mpigo, rudisha. Kununua ni kwa mwenye kazi ya nyumba nzima mbele yake.

Namba 4: grenda yenye diski ya almasi na bomba la maji

Kama mashine yako ya pekee, hapana. Mstari unategemea mkono wako, na umeme na maji kwenye kitu unachokishika kwa mikono ni mambo ya kuogopa, zile ambazo hazikutengenezwa kwa maji zisimwagiwe maji kabisa. Ila kama msaidizi wa yoyote hapo juu ni lazima iwepo: tundu la bomba, kumalizia kona, kupunguza kigae ambacho kimeshabandikwa. Za betri zenye tanki dogo la maji ni salama zaidi kwa hili. Ukikata kavu toka nje na vaa barakoa ya vumbi ya maana sio kile kitambaa, maana vumbi la vigae lina silika, ikiingia ndani kabisa ya mapafu haitoki, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina tiba. Maji kwenye hizi mashine sio ya kupooza diski tu, ni ya kulaza hilo vumbi.

Diski ndio inakata, mashine inaizungusha tu

Hili wauzaji wengi wanalipita juu juu. Diski inayokuja ndani ya boksi mara nyingi inaiweza seramiki, ukiipeleka kwenye poseleni inatafuna kingo. Kwa poseleni tafuta yenye ukingo mzima usio na mapengo, nyembamba, milimita 1.2 mpaka 1.6. Zile zenye mapengo mapana ni za zege na mawe, zinakwenda haraka ila zinaacha ukingo mchafu. Angalia tundu la katikati, kuna la milimita 15.88, 22.23, 25.4 na 30, na usilazimishe lisilokaa sawa. Spidi iliyoandikwa kwenye diski iwe kubwa kuliko ya mashine, sio kinyume.

Diski ikianza kusukumwa kwa nguvu na kutoa harufu usiitupe haraka, mara nyingi zile chembe za almasi zinazokata zimefunikwa tu. Katisha mara kadhaa kwenye jiwe la kunolea au tofali laini la zege, na maji yakiwepo, zinachungulia tena. Na ile kumegeka kwa kona mwishoni mwa kata, usikate moja kwa moja mpaka nje: anza upande wa kutokea, ingia sm 3 hivi, geuza, afu njoo kutoka upande wa pili mpaka zikutane.

Dukani fanya hivi. Mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme zungusha diski kwa kidole uone inayumba au la. Shika trei uitingishe kushoto kulia, ikicheza mkononi kwako itacheza na kigae chako. Weka skwea kati ya ule ukingo wa kuegemeza kigae na diski, hiyo nyuzi 90 isipokuwa 90 na hakuna skrubu ya kurekebisha, iache hapohapo. Uliza kama pampu inauzwa peke yake, maana ndio inakufa kwanza. Mota ya induksheni ina kelele kidogo ila ni nzito, ya brashi inapiga kelele sana lakini ina nguvu kwa uzito wake, ukiwa na majirani ukutani hilo ni la kufikiria. Leza, ile taa inayochora mstari wa kukata, usiilipie, maji yakianza kuruka huioni, penseli na utepe wa karatasi vinatosha.

Umeme upitie kwenye ile swichi inayojikata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na ukishachomeka acha waya uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye soketi. Glavu za nguo usivae karibu na diski. Masikio yazibe.

Maji badilisha yakishakuwa kama uji, la sivyo pampu inaziba na diski inakata tope badala ya kigae. Ukimaliza siku ipe pampu maji safi izunguke dakika chache. Lile tope lenyewe usilimwage kwenye sinki wala chooni, linatulia ndani ya bomba na kukaza kiasi kwamba utakuja kupasua vigae ulivyobandika jana. Acha litulie kwenye ndoo usiku kucha, maji ya juu mwaga nje kwenye udongo, la chini likikauka weka kwenye mfuko tupa na takataka za ujenzi.